Mvua ya Ilambula

Kuanzia Ushirombo mpaka machimbo ya Geita hapakuwa na mwanamke mwenye mwandiko mzuri kuliko mimi, na hilo msinibishie. Wanawake tuliojua kuandika tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuwa na mtoto wa jicho.

Nilisomeshwa na masista mpaka darasa la nne. Nilitaka niwe sista mimi pia, wakanirudisha nyumbani kwa kosa la kucheka kanisani. Walisema nimecheka mara saba. Ni uongo, hizo saba ni zile walizozisikia. Jina langu la ubatizo ni Serafina, la nyumbani ni Doto. Kwetu anayeitwa Doto kazaliwa pacha, tena kafuata nyuma, na aliyemtangulia ndiye Kulwa. Kulwa wangu nitamfikia. Simkimbilii, maana kila nikimkaribia kalamu inanilemea mkononi, na siku hizi hata kijiko kinanilemea.

Ninaousimulia ni mwaka 1934, wakati dhahabu ilipowaingia watu kichwani. Kulikuwa na Mzungu aliyezungukazunguka na vijana wake wenye nyundo, wakigonga kila jiwe kama wanabisha hodi. Wakafika kwetu Ilambula, kijiji kidogo chini ya kilima cha mawe, mwendo wa siku moja kutoka misheni. Mmoja wa wale vijana, Jilala, akasukuma jiwe lililoziba ufa wa mwamba kule juu. Alishuka mbio, nyundo akaiacha. Nyundo ya Mzungu ukiipoteza ulikatwa mshahara wa mwezi, kwa hiyo mjue aliona kitu.

Aliona mifupa ya watoto kumi na mmoja.

Ilambula hakuna aliyeshtuka. Jiwe lile walilisukumia pale mama wenyewe wa watoto wale, mwaka wa vita vya Mjerumani, ili fisi wasifike. Miaka kumi na minane walilima chini ya kilima kile, na hakuna aliyeinua uso kukitazama.

Mzungu wa dhahabu alisema atapasua kilima kwa baruti baada ya wiki mbili. Si kwamba alikuwa mbaya, alivua kofia alipoambiwa. Lakini baruti ilikuwa njiani. Ndipo akaja Padri kutoka misheni, tuliyemwita Mandevu kwa sababu ambayo mngeiona kabla hamjamwona yeye. Alikuwa na miaka minne tu nchini. Akawakusanya watu, akasema kwa Kiswahili chake cha kupangapanga:

"Mtoto aliyebatizwa atalala ndani ya ua wa kanisa. Asiyebatizwa atalala nje ya ua. Nitamwombea, nitaweka na mawe mazuri. Lakini nje. Sheria hii sikuitunga mimi."

"Nje wapi, Padri?" akauliza mama mmoja.

"Ng'ambo ya mfereji."

Ng'ambo ya mfereji ndiko yalikomwagwa majivu ya jikoni, na ndiko fisi walikopita kila jioni kuangalia kilichomwagwa.

Mifupa ilikwisha kuchanganyika. Haikuwezekana kusema huyu wa fulani, yule wa fulani. Kwa hiyo Padri akaamua: kwa kuwa mtoto anayekata roho hata mama yake anaweza kumbatiza, kila mama aeleze, maneno yaandikwe, na ikionekana wote walibatizwa, wote wataingia. Akipatikana mmoja ambaye hakubatizwa, wote watatoka, maana hawezi kumtenga peke yake mtoto asiyemjua.

Niseme mwisho mapema ili msihangaike. Wamelala ndani ya ua, msalaba wa tano ukiingia, mkono wa kulia. Nataka kuwaeleza walivyopita mlangoni.

Kazi ya kuuliza alipewa Telesphori, katekista wetu, tuliyemwita Mwalimu. Kazi ya kuandika nilipewa mimi, kwa sababu Padri alihisi wanawake watasema zaidi akiwapo mwanamke. Telesphori alikuwa mtu aliyenyooka kama mlingoti. Kosa alilolichukia kuliko yote ni uongo. Ukimdanganya kwenye mafundisho ulisimama kwa mguu mmoja mpaka useme kweli, na mimi nilikuwa nimesimama sana. Mwaka wa vita alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano, akabebeshwa mzigo wa risasi mpaka Tabora, na huko alipoteza kidole cha mguu. Hadithi ya kidole tuliisikia kila Jumapili baada ya misa. Jambo ambalo hakulisimulia Jumapili hata moja ni kwamba alipokuwa huko amebeba risasi, mdogo wake wa mwisho alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja.

Tukaanza chini ya paa la shule ya kigango, na siku ya kwanza hatukupata kitu. Telesphori aliweka msalaba mezani, akamwambia kila mama auguse aape. Waliugusa, waliapa, wakanyamaza. Siku ya pili nikabeba ungo wa karanga zenye maganda, nikauweka katikati.

"Hizi za nini?" Telesphori akauliza.

"Za kumenya, Mwalimu. Mikono ikipata kazi mdomo hauogopi."

"Tumekuja kuandika habari za marehemu, Serafina, hatukuja kupika."

"Basi wewe usile."

Wakamenya, wakasema. Mpaka leo ukilifungua lile daftari maganda yanadondoka.

Wa kwanza alikuwa Paskazia, mama mnene, mnusaji wa ugoro, mtu asiyewahi kukosa neno tangu nimjue. Nilimwandika hivi, na maneno ni yake:

"Askari walikuja asubuhi, tumeanika mtama. Walitaka wapagazi arobaini. Wanaume wetu walikuwa thelathini na mmoja. Mkubwa wao hakuelewa kwa nini hawatimii, akadhani tumewaficha tisa. Waliwafunga kamba shingoni, mmoja mmoja, na mume wangu alikuwa wa sita. Yule wa mwisho, kabla hajafungwa, akakimbia. Ndipo wakaanza kupiga risasi. Waliofungwa hawakuweza kukimbia, mmoja akianguka anawavuta wenzake. Sisi tulikuwa tumekaa upande wa wanawake. Nilimshika mtoto nikapanda kilimani. Sikubeba kitu. Nyuma yangu nyumba zilikuwa zinawaka, na mtama wetu pale uwanjani ulikuwa unalia pa-pa-pa kama bisi, na mpaka leo sili bisi."

"Askari hao walikuwa wa nani, Mama?" Telesphori akauliza. "Wa Mjerumani au wa Mbelgiji? Padri anataka kujua."

"Mwanangu, nilikuwa nakimbia. Sikugeuka kuwauliza."

Akaendelea kumenya. Akasema wale askari walipiga kambi penye kisima, na kisima kilikuwa kimoja. Wanawake na watoto wakakaa juu kwenye mawe siku tatu. Mwezi wa saba, jua, hakuna jani bichi. Mchana walifunika midomo ya watoto ili wasisikike. Usiku walilamba mawe wakidhani yana umande. Watoto wakubwa walistahimili. Wadogo wakaanza kulala, mmoja baada ya mwingine, na hawakuamshika.

"Wangu alikuwa wa nne," Paskazia akasema. Karanga ilimdondoka, hakuiokota. "Alikuwa ananiomba maji kwa jina langu. Si mama, jina langu. Alinisikia naitwa hivyo na watu wazima, akadhani labda nikiitwa kikubwa nitayaleta."

Niliiacha kalamu. Telesphori alikuwa anatazama dirishani.

Kisha Paskazia akanusa ugoro, akapiga chafya, akasema kwa sauti nyingine kabisa, kama mtu anayesoma tangazo: "Na alipokuwa anakata roho nilimbatiza, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, amina. Nikampa jina Telesphori, kwa heshima yako, Mwalimu."

Telesphori akageuka. "Mama Paskazia. Mwaka ule mimi mwenyewe nilikuwa naitwa Maduhu."

"Basi nilikuona mbele."

Nilicheka. Ya nane hiyo. Telesphori hakucheka.

Wakaja wengine. Mama waliokuwa hai walikuwa tisa, na wawili waliokufa walisemewa na dada zao. Kila mmoja alikuwa na yake, na sitaziandika hapa zote, sina moyo huo tena. Mmoja alisema alimwimbia mtoto mpaka akagundua anaimba peke yake. Mwingine alisema tu, "Alikuwa na meno mawili," akamaliza. Kisha kila mmoja alifika pale pale, kwa sauti ile ile ya tangazo: nikambatiza, kwa jina la Baba. Wengi wao mwaka wa vita hawakuwa wamelisikia jina hilo. Walibatizwa wao wenyewe miaka kumi baadaye. Walikuwa wamekubaliana, nadhani kule mtoni, na hawakujua kwamba siku nyingine mtu akikubaliana na wenzake yafaa waachane kidogo katika maneno.

Siku ya nne Telesphori akamwita tena Paskazia.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umerudia kunitazama, nimependeza?"

"Nina swali moja tu. Ulisema hapakuwa na maji siku tatu."

"Hata tone."

"Mtu habatizwi kwa maneno matupu. Ni lazima maji. Uliyatoa wapi?"

Paskazia akatazama ungo wa karanga. Akanitazama mimi. "Yalikuwepo kidogo," akasema. "Kidogo sana. Ya kulowesha kidole."

Na Telesphori, ambaye hakuwa na nia mbaya, alikuwa amenyooka tu, akauliza: "Kama yalikuwepo, mbona hukumpa anywe?"

Nimeishi miaka mingi. Nimezika watu niliowazaa. Lakini uso kama ule wa Paskazia sijauona tena. Mdomo ulibaki wazi. Yule mama asiyewahi kukosa neno alikosa hata pumzi. Akachukua kopo lake la ugoro, akainuka, na ukutani palipo na mlango aliukosa mlango, akapapasa mpaka akaupata.

Telesphori akabaki ameshika msalaba wake. "Nimekosa nini?" akaniuliza. "Serafina, si lazima niulize? Nimdanganye Mungu kwa ajili ya mahali pa kuzikwa?"

"Shangazi yako aliposema habari za mdogo wako," nikamwambia, "mbona yeye hukumuuliza maji aliyatoa wapi?"

Akaurudisha msalaba mezani.

Alikuwa amebaki mama mmoja wa kuandikwa, naye alikuwa mama yangu, Salvina.

Sasa nimfikie Kulwa. Desturi ya wazee wetu ilikuwa hivi: mwanamke mwenye pacha akifiwa na mmoja, anatwaa kibuyu, anakivisha ngozi ya mbuzi, anakilaza pamoja na yule aliyebaki, na anakilisha. Ukimlisha mmoja ukamsahau mwenzake, aliyebaki atamfuata. Basi mimi nilikua na kaka kibuyu. Tonge la kwanza la ugali liliguswa kwake, halafu langu. Akipakwa samli, ndipo nami napakwa. Hakuugua, hakudaiwa kodi ya kichwa, hakutumwa kuni. Nilimwonea wivu sana. Masista walipokuja kututembelea mama aliwaambia ni kibuyu cha chumvi, na sista mmoja akaomba chumvi, na mama akasema imekwisha, na mimi nikatolewa nje kwa kucheka.

Niliambiwa kwamba Kulwa alifia kilimani wakati wa vita. Zaidi ya hapo sikuambiwa wala sikuuliza. Mama alikuwa Msukuma wa upande wa Shinyanga, aliyekuja Ilambula kwa ndoa, na mume akapigwa risasi kwenye kamba ile ile. Alikuwa mtu wa maneno machache, kana kwamba Kiswahili na Kisumbwa cha Ilambula vyote aliazima na atatakiwa kuvirudisha.

Nilimkuta uani anachagua mbegu za karanga. Kibuyu kilikuwa ubavuni mwake katika ngozi yake.

"Mayu, imebaki zamu yako," nikamwambia mama. "Mwalimu kaniruhusu nikuandike hapa hapa, peke yetu."

"Andika."

Akaeleza yale yale: mtama, kamba, moshi. Aliyaeleza upesi kama mtu anayepita mahali penye nyoka. Alipofika siku ya tatu akaacha kuchagua mbegu.

"Wenzangu wanasema maji hayakuwepo," akasema. "Ni kweli, kwao hayakuwepo. Mimi nilikuwa nayo."

Nikainua kalamu.

"Nilikimbia na kibuyu. Siku mbili niliwapa nyinyi wawili tone moja moja, usiku, kwa siri. Wenzangu hawakujua mpaka leo. Paskazia alikuwa amelala hapa, mgongo wake umenigusa, mtoto wake anaomba, na mimi nina maji. Andika hilo."

"Mayu..."

"Andika. Siku ya tatu nikakitikisa nikasikia limebaki funda moja. Si mawili, ng'wanone, mwanangu. Nilikitikisa mara nyingi. Funda moja, na nyinyi ni wawili. Kulwa alikuwa amenyong'onyea. Wewe ulikuwa bado unashika nguo yangu. Nikapima."

"Ulipima nini?"

"Nani atabaki."

Kuku alipita katikati yetu akidonoa mbegu, na mama hakumfukuza, yeye ambaye angemfukuza kuku hata wa jirani.

"Nikakupa wewe. Ulikunywa yote, hukubakisha, ulikuwa mtoto. Kulwa hakulia. Alikuwa ananitazama mimi, halafu akatazama koo lako linavyomeza. Hivyo tu. Alitazama mpaka ukamaliza. Ni hicho hapo."

"Kipi?"

Akagusa ngozi ya mbuzi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na siku zote nilidhani alichuma kibuyu kingine shambani kama mama wengine wa mapacha wanavyofanya. Kilikuwa hicho hicho. Nilikula nacho, nilikilalia, nilikitania.

Nikamwambia: "Mayu, ukisema hukumbatiza, wote wanakwenda ng'ambo ya mfereji. Wote kumi na mmoja. Wenzako wote wameshasema."

"Najua."

"Sema tu neno moja. Wao wamesema."

"Wao hawakuwa na kibuyu." Alisema bila hasira. "Nikisema nilimbatiza, maana yake yalibaki maji, na mimi nikayamwaga utosini kwake badala ya mdomoni. Siwezi kumsingizia Kulwa hivyo. Alikuwa anatazama. Anajua hayakubaki."

Akarudi kwenye mbegu zake. "Umeandika?"

"Bado kidogo."

Nikainama kwenye daftari nikaandika. Mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Niliandika kamba, na moshi, na siku tatu bila maji. Kibuyu sikukiandika. Kisha nikaandika kwamba alfajiri ya siku ya nne, watoto walipokuwa wanakata roho, ilipita mvua ndogo, mvua ya kulowesha viganja tu, na kwamba mama yangu Salvina aliikinga kwa kiganja akambatiza mwanawe, na kwamba alipokinga mara ya pili ili amnyweshe, mvua ilikuwa imekata.

"Nisomee," mama akasema.

Hakujua hata herufi moja. Nikaliinua daftari mbele ya uso wangu, nikapitisha kidole kwenye mistari, nikamsomea kila neno alilolisema: funda moja, nikapima, koo lako, hayakubaki. Nilisoma yasiyokuwepo bila kukosea, na katika maisha yangu yote sijasoma vizuri kama siku ile.

"Hivyo hivyo," akasema. Nikampaka wino, akakandamiza kidole gumba chini ya mvua yangu.

Jioni ile, kabla jua halijazama, nikarudi kwenye kurasa za wenzake. Nilizoea kuacha nafasi pana kati ya mistari, masista walitufundisha hivyo. Nikanyesha kote. Kwa Paskazia nilinyesha kidogo zaidi.

Kuhusu mazishi nitasema machache. Masanduku yalikuwa mawili, yalikuwa mepesi, watu wanne walitosha kwa yote. Paskazia alilia mpaka akashikwa. Mama yangu alisimama nyuma, kibuyu ndani ya kaniki yake. Wakati wa kurudi njiani akaniuliza, "Imekuwaje wakaingizwa?"

"Padri ana huruma," nikasema.

"Ulimsomea yote niliyosema?"

"Yote, mayu."

Alitembea kidogo. "Basi ni mtu mwema kuliko ninavyodhani," akasema, na sikujua anamsema nani. Aliendelea kukilisha kibuyu mpaka alipokufa, na alipokufa nilikitia mwenyewe chini ya mkono wake, kikiwa kimejaa maji mpaka juu. Mimi ninavyowaandikia sasa, kila nikinywa, nikikaribia kumaliza glasi, nabakisha. Wajukuu wanadhani ni uzee.

Lakini kabla ya masanduku kulikuwa na baraza la Padri. Asubuhi, baridi ya misheni, Mandevu amekaa kwenye kiti cha kamba na kikombe cha kahawa. Macho yake yalikuwa mabovu kwa mwandiko wa kalamu, kwa hiyo Telesphori alisimama akamsomea, na mimi nikasimama nyuma yao nikiomba mchana ufike haraka.

Alisoma vizuri, kwa sauti ile ya Injili. Askari, kamba, mtama. Padri aliweka kikombe chini. Alisoma kilimani, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akasoma, "Alfajiri ya siku ya nne ikapita..." akanyamaza.

Maganda mawili ya karanga yakadondoka kutoka kwenye daftari.

Hakugeuka kunitazama. Aliangalia ule mstari muda mrefu. Wino wake ulikuwa mweusi kuliko wa mistari mingine, ujinga wangu huo, nilikoroga wino mpya. Mwalimu alizaliwa Ilambula. Alijua kama ninavyojua mimi kwamba kwetu mwezi wa saba hata mate yanakauka. Akafungua ukurasa wa pili: mvua. Wa tatu: mvua. Akafika wa shangazi yake, penye habari za mdogo wake, akaona mvua imemnyeshea na yeye.

"Endelea," Padri akasema.

"...ikapita mvua ndogo," Telesphori akasoma. Sauti ya Injili ilikuwa imekwisha. "Mvua ya kulowesha viganja."

Padri akazishika ndevu zake. "Mwezi wa saba? Nina miaka minne hapa, Telesphori. Mwezi wa saba sijaona hata wingu."

Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta mguu wa kusimamia.

"Ilinyesha, Padri," Telesphori akasema.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Umeambiwa na nani?"

"Sikuambiwa." Alikuwa amenyooka vile vile kama mlingoti. "Nililowa mwenyewe."

Padri Mandevu akaziachia ndevu zake. Akainua kikombe, akakuta kahawa imepoa, akakirudisha. Halafu, taratibu, akainama kutazama mguu wa Mwalimu, pale kwenye kiatu chenye nafasi tupu ya kidole kimoja.

"Na mvua hiyo," akauliza, "ilifika mpaka Tabora?"

Telesphori akalifunga daftari. Akainamisha kichwa kama mtoto wa mafundisho, na akautazama mguu wake na yeye, kana kwamba ni mara ya kwanza anaona kwamba hautimii.